Kadi Gani ya Kunasia Video Itafaa Mikanda Yangu ya Zamani?

Barua za toleo hili karibu zote zimeuliza jambo moja. Mtu ana mikanda ya video ya harusi, ya mahafali, ya watoto ambao sasa ni wazazi. Anataka kuiingiza kwenye kompyuta, na anauliza anunue kadi gani. Tumechagua barua ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Msimamo wetu tuuseme mapema: kadi ni kitu cha tatu. Cha kwanza ni deki inayousoma mkanda vizuri, cha pili ni mawimbi ya video yaliyotulia, ndipo ije kadi, ambayo kazi yake ni kuipokea picha bila kuigusa. Mkanda wa sumaku huchakaa hata ukiwa kabatini, na kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuunda deki za VHS, iliacha kazi hiyo mwaka 2016. Deki nzima zinazidi kupungua. Ndiyo maana tunahimiza kila mkanda unaswe mara moja, na mara hiyo iwe ya uhakika.

SWALI: Ndugu Mhariri, nina mikanda ya VHS ipatayo arobaini. Nimeona vifaa vidogo vya USB vyenye matundu ya njano, nyeupe na nyekundu. Kimoja ni rahisi mno, kingine bei yake ni mara kumi, na kwa macho vinafanana. Tofauti iko wapi?

JIBU: Iko kwenye chipu ya ndani, na ganda la nje halikuambii lolote. Jina EasyCAP, kwa mfano, si jina la kifaa kimoja. Ganda lilelile limeuzwa likiwa na STK1160, EM2860, SMI2021 au UTV007, na kila chipu inataka draiva yake, yaani programu ya kuiendesha. Hiyo ndiyo sababu mtu mmoja anakisifu na mwingine anakilaani, kumbe hawana kifaa kimoja. Ukitaka kujua ulichonacho, kichomeke kwenye kompyuta ya Linux uandike amri lsusb: STK1160 hujitambulisha kwa namba 05e1:0408, UTV007 kwa 1b71:3002. Kwenye Windows namba hizo zipo katika orodha ya vifaa, sehemu ya maelezo ya kifaa, zikiwa zimeandikwa VID na PID.

Unapochagua, dai mambo haya. Kadi itoe picha ghafi yenye ukubwa wa 720 kwa 576 ikiwa mikanda yako ni ya PAL, au 720 kwa 480 ikiwa ni ya NTSC (hiyo ni mifumo miwili ya televisheni, NTSC ikiwa ya Marekani), rangi zikiwa katika mpangilio wa 4:2:2, ambao hupunguza rangi kwa upana tu, na mistari iachwe inapishana kama ilivyorekodiwa, yaani kila picha ibaki nusu-picha mbili zilizopokezana mistari. Picha ghafi ya namna hiyo ni megabaiti 20.7 kwa sekunde, yaani kama megabiti 166. USB 2.0 ina nafasi ya megabiti 480, kwa hiyo usilipe zaidi kwa sababu tu boksi limeandikwa USB 3.0. Vilevile maneno "4K" na "1080p" hayana maana hapa. VHS ina uwezo wa kutenganisha mistari kama 240 tu kwa upana wa picha, na hakuna kadi inayoweza kuongeza kisichokuwemo kwenye mkanda.

Jihadhari na vifaa vinavyobana picha kabla ya kuikabidhi kwa kompyuta. Elgato Video Capture ni mfano: hunasa kwa 640 kwa 480 na kutoa faili iliyokwisha kubanwa kwa H.264, mtindo wa kubana unaopoteza sehemu ya picha. Ni rahisi kutumia, na anayetaka tu kutazama atatosheka. Lakini mistari ya asili inakuwa imeshachanganywa, na chenga za mkanda zimeshakula nafasi ya picha yenyewe. Ukitaka kuisafisha baadaye hutakuwa na pa kuanzia.

Halafu angalia kama ina tundu la S-Video, linalopokea mwanga na rangi kwa waya tofauti, kama inanasa sauti yenyewe badala ya kukutegemeza kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta, na kama draiva yake inakuruhusu kurekebisha mwanga na rangi kabla picha haijafika kwenye faili. Hili la mwanga wengi hulipuuza, nalo ndilo linaloharibu kazi nyingi, tutalirudia.

Kwa majina, mtu mwenye Windows tungemwelekeza kwenye I-O Data GV-USB2 au Hauppauge USB-Live2. Zote mbili hutoa picha ghafi na zina S-Video. ATI TV Wonder 600 USB bado inaheshimika sana kwa usafi wa picha, ila draiva zake ni za enzi za Windows XP na 7. Inamfaa aliyehifadhi kompyuta ya wakati huo. Mwenye Linux anaweza kufanya kazi ya kuridhisha hata kwa STK1160 au EM2860 ya bei ndogo, kwa kuwa draiva zake zimo tayari ndani ya mfumo. UTV007 tungeiacha. Mwenye Mac ana machaguo machache zaidi, na mara nyingi nafuu yake ni kuazima kompyuta ya Windows kwa muda wa kazi hii.

SWALI: Nina kadi nzuri ya HDMI ninayotumia kurekodi michezo ya kompyuta. Je, nikinunua kile kiboksi kinachogeuza AV kuwa HDMI, si nitapata picha bora kuliko hizo kadi za zamani?

JIBU: Hapana, utapata picha kubwa zaidi, si bora zaidi. Kiboksi hicho hufanya mambo matatu ambayo hayarudishiki. Huunganisha mistari iliyopishana kwa njia ya haraka na ya ovyo, mara nyingi kwa kutupa nusu ya mwendo. Huikuza picha hadi 720p au 1080p, pamoja na chenga zake. Na mara nyingi huivuta picha ya 4:3 ijaze skrini ya 16:9, watu wakaonekana wafupi na wanene. Kwa mikanda ya PAL linaongezeka la nne: viboksi vingi hutoa picha 60 kwa sekunde wakati mkanda una nusu-picha 50, kwa hiyo baadhi hurudiwa, na kamera inapogeuka pole pole utaona mwendo unashtuka-shtuka.

Kadi yako ya michezo haina kosa. Tatizo ni kwamba itapokea kitu kilichoharibiwa tayari na kukihifadhi kwa uaminifu mkubwa.

SWALI: Nimenunua kadi inayosifiwa, lakini sehemu ya juu ya picha inapinda kama bendera, na kila dakika chache programu inasema fremu zimepotea. Mkanda mmoja umekataliwa kabisa. Naambiwa umezuiwa kunakiliwa, na huo ni mkanda wa sherehe ya nyumbani! Nirudishe kadi?

JIBU: Usiirudishe bado. Katika PAL kila mstari wa picha huchukua mikrosekunde 64. Deki inausoma mstari huo kwa vichwa vinavyozunguka juu ya plastiki nyembamba iliyovutika kwa miaka mingi, basi mstari mmoja unawahi kidogo, mwingine unachelewa. Televisheni ya kioo kinene iliyafuata mayumbo hayo bila kulalamika. Kadi ya kunasia ina saa yake isiyoyumba. Mstari ukija nje ya wakati unakaa mahali pasipo pake, na fremu nzima ikichelewa sana inatupwa. Sehemu ya juu hupinda zaidi kwa sababu hapo ndipo kichwa kimoja kimetoka tu kumpokeza mwenzake, na mvutano wa mkanda bado haujatulia.

Dawa yake ni kirekebishi cha wakati, kinachojulikana kwa herufi TBC, na kuna aina mbili ambazo watu huzichanganya. TBC ya mistari hupokea kila mstari, ikaushika kwa muda mfupi, kisha ikautoa kwa wakati wake. Hii ndiyo inayonyoosha kingo za milango na kuondoa kupinda. Ya fremu hushika fremu nzima na kuzitoa kwa mpigo usiobadilika. Hii ndiyo inayozuia fremu kupotea na sauti kupishana na midomo. Baadhi ya deki za S-VHS za daraja la juu za JVC na Panasonic zina TBC ya mistari ndani yake, na Panasonic NV-FS200 ni mojawapo inayotafutwa kwa mikanda ya PAL. TBC kamili ya fremu, kifaa cha kujitegemea, ni ghali na ni adimu.

Njia ya watu wa kawaida ni kupitisha mawimbi ndani ya mashine ya kurekodi DVD. Panasonic DMR-ES10 na DMR-ES15 zimejipatia sifa kwa hilo. Hauhitaji diski. Toa waya kwenye deki uuingize kwenye tundu la kuingizia la mashine hiyo, chagua njia hiyo kwa rimoti, kisha toa S-Video kutoka mashine hiyo hadi kwenye kadi. Kama menyu yake ina kipunguza chenga, kizime, la sivyo nyuso zitalainishwa hadi zifanane na nta. Ina gharama yake: maeneo yenye giza hupoteza vivuli kidogo, na picha huwa laini kuliko ilivyotoka kwenye deki. Kwa mkanda unaoyumba, gharama hiyo inalipika. Kwa mkanda mzima uliorekodiwa vizuri, jaribu kwanza bila mashine hiyo, linganisha dakika mbili za kila upande, ndipo uamue.

Kuhusu mkanda uliokataliwa: filamu za kuuzwa ziliwekewa mapigo ya ziada kwenye mistari isiyoonekana juu ya picha, na kadi nyingi zimefundishwa kusimama zikiyaona. Mkanda uliochakaa hutoa kelele mahali hapohapo, na kadi hudhani ni mapigo yale. Kuutuliza mkanda kwa njia tuliyoeleza mara nyingi humaliza tatizo. Ukiona linaendelea, badilisha deki kabla ya kubadilisha kadi, na ucheze na kitufe cha trekingi, kinachovielekeza vichwa vifuate vizuri njia zilizorekodiwa kwenye mkanda. Mkanda uliorekodiwa kwa mwendo wa LP, ule wa polepole wa kurekodi muda mrefu, hasa na deki nyingine, unahitaji trekingi ya mkono karibu kila mara.

SWALI: Deki yangu ina SCART, lile tundu pana la pini nyingi, na lile la njano tu. Nikinunua waya wa kugeuza SCART kuwa S-Video nitapata picha safi zaidi?

JIBU: Utapata picha isiyo na rangi. S-Video hubeba mwanga kwenye waya mmoja na rangi kwenye mwingine. SCART ya deki nyingi za VHS hutoa kompositi tu, ambayo mwanga na rangi vimechanganywa. Ukiipeleka kwenye tundu la S-Video, kadi inaona mwanga na haioni rangi. Ule waya mdogo wa kugeuza njano kuwa S-Video una hali hiyohiyo: hautenganishi kitu.

S-Video ina faida pale deki yenyewe inapokuwa na tundu hilo, kwa sababu kwenye mkanda wa VHS mwanga na rangi vimerekodiwa mbalimbali tangu mwanzo, na ni hasara kuvichanganya njiani kisha kumwachia chipu kazi ya kuvitenganisha. Utaiona tofauti kwenye kingo za nguo nyekundu na kwenye mistari myembamba, ambako kompositi huacha vidoa vinavyotembea. Kama deki yako haina, tumia njano kwa amani. Plagi ya kugeuza SCART huwa na swichi ya kuingia na kutoka: isogeze upande wa kutoka. Tumepata barua nyingi za "kadi mbovu" ambazo tiba yake ilikuwa swichi hiyo.

SWALI: Mikanda yangu ni midogo ya MiniDV. Mtaalamu mmoja ameniambia kadi yoyote ya USB itafaa. Ni kweli?

JIBU: Tafadhali usifanye hivyo. MiniDV ni ya kidijitali tangu ilipoanza mwaka 1995. Video imo ndani ya mkanda kama data ya megabiti 25 kwa sekunde. Unachohitaji ni kuihamisha, siyo kuinasa. Kamera iwe na tundu la FireWire, lililoandikwa DV au i.LINK, na kompyuta iwe na kadi ya FireWire. Kwa kompyuta ya mezani kadi ya PCI Express inatosha. Programu ndogo kama WinDV huvuta kila kitu kama kilivyo, pamoja na tarehe na saa ya kila tukio, kwa kama gigabaiti 13 kwa saa moja ya mkanda. Tundu la USB la kamera hizo kwa kawaida ni la picha za mnato au video ndogo ya mtandaoni, na waya wa USB kwenda FireWire unaouzwa rahisi haufanyi kazi, kwa sababu ni waya tu na mifumo hiyo miwili haielewani.

Wenye Video8 na Hi8 nao wasikilize. Baadhi ya kamera za Digital8 husoma mikanda hiyo ya zamani na kuitoa kwa FireWire, zikiwa na kirekebishi cha wakati ndani yake. Si zote zinazoweza, kwa hiyo thibitisha modeli kabla ya kununua. Kamera nzima ya namna hiyo hukuepusha na kadi, TBC na nusu ya matatizo ya ukurasa huu.

SWALI: Naomba hatua za kunasa na mipangilio yake, na nijue diski ya ukubwa gani inatosha.

JIBU: Tumia VirtualDub au VirtualDub2 kwenye Windows. OBS imetengenezwa kwa matangazo ya moja kwa moja. Huichukulia kila fremu kuwa nzima na hupunguza rangi, basi mistari iliyopishana huharibika.

Chomeka kadi moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye kigawanyio cha USB kinachobeba pia diski na panya. Fungua sehemu ya kunasa, chagua kifaa, kisha mfumo wa PAL au NTSC; ukikosea hapo utapata picha isiyo na rangi au inayobingirika. Weka 720 kwa 576, au 720 kwa 480, katika mpangilio wa YUY2, ambao ndio ule wa 4:2:2. Kwa kubana chagua kodeki isiyopoteza kitu: HuffYUV, Lagarith au Ut Video. Sauti iwe 48 kHz, biti 16, stereo.

Sasa mwanga. Kwenye video ya namna hii weusi ni 16 na weupe ni 235. Draiva nyingi huja na kiwango cha utofauti kilicho juu mno, na nguo nyeupe ya bibi harusi inakuwa doa tupu lisilo na mkunjo hata mmoja. Weupe uliokatwa wakati wa kunasa hauwezi kurudishwa na programu yoyote. Washa grafu ya mwanga, cheza sehemu angavu kuliko zote kwenye mkanda, punguza utofauti hadi grafu isigonge ukingo wa kulia, kisha cheza sehemu yenye giza na urekebishe upande wa kushoto. Picha ikionekana imepauka kidogo usijali, utaikoleza baadaye. Kipaza ukali cha deki na cha draiva kishushwe chini kabisa, maana kinachora uzi mweupe kuzunguka kila mtu.

Kabla ya kunasa, peleka mkanda mbele hadi mwisho na uurudishe mwanzo ili mvutano wake uwe sawa. Vunja kile kidole cha plastiki kwenye mgongo wa kaseti ili deki isiweze kurekodi juu yake. Zima usingizi wa kompyuta na masasisho. Nasa dakika 10 za mkanda ulio mbaya kuliko yote, uangalie hesabu ya fremu zilizopotea na zilizoongezwa. Sifuri ndilo lengo. Moja au mbili pale ambapo kamera ilizimwa na kuwashwa zinasameheka. Zikija mfululizo, simama utafute sababu.

Diski: video ghafi kabisa ni gigabaiti 75 kwa saa. HuffYUV huishusha hadi kati ya 30 na 40, kutegemea wingi wa chenga. Kwa mikanda 40 ya saa 3 hiyo ni kati ya terabaiti 3.6 na 4.8, kwa hiyo panga: nasa mkanda, tengeneza nakala ya kutazamia, hamishia ile kubwa kwenye FFV1 ambayo hubana zaidi bila kupoteza kitu, ndipo uendelee. Diski ya kunasia isiwe FAT32, kwa sababu faili itakatika ikifika gigabaiti 4.

SWALI: Mwanzoni sauti na midomo vinakwenda pamoja. Baada ya saa moja sauti imechelewa karibu nusu sekunde. Nimejaribu kadi mbili.

JIBU: Fremu 10 zikipotea bila kujaziwa, picha ya PAL inafupika kwa sekunde 0.4, na sauti haifupiki. Kwanza soma hesabu ya fremu zilizopotea. Kama zipo, tatizo ni mawimbi yasiyotulia, na tiba ni ile ya TBC hapo juu.

Kama hazipo, tazama sauti inapita wapi. Ikiwa picha inaingia kwa kadi na sauti kwa tundu la kompyuta, hizo ni saa mbili tofauti na hazitalingana kamwe. Pitisha zote kwenye kadi. Ukiwa tayari umenasa na mkanda huuwezi tena, pima pengo mwanzoni, katikati na mwishoni. Likikua kwa kasi moja, vuta au bana sauti kwa kiasi hicho na itakaa sawa. Likiruka ghafla sehemu fulani, kuivuta sauti yote kutaharibu sehemu iliyokuwa nzima. Kata pale liliporuka na usogeze kipande kinachofuata.

Na kwa kuwa tumo kwenye sauti: deki ya Hi-Fi husoma sauti kwa vichwa vinavyozunguka, na trekingi ikiwa mbaya husikika mngurumo kama wa nyuki. Badilisha kwenye menyu kwenda sauti ya kawaida, ile iliyorekodiwa ukingoni mwa mkanda. Ni hafifu, lakini haingurumi.

SWALI: Faili yangu ina mistari kama meno ya kitana kila mtu anapotembea, na chini kabisa kuna utepe unaotetemeka. Kadi imeharibika?

JIBU: Kadi yako imefanya kazi yake sawasawa. Meno hayo ni nusu-picha mbili za nyakati tofauti zilizowekwa pamoja, na utepe wa chini ni mahali vichwa vya deki hupokezana. Televisheni za zamani ziliuficha nyuma ya ukingo wa kioo. Faili kubwa iache hivyo. Nakala ya kutazamia itengeneze kwa FFmpeg, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri, mfano wa PAL:

ffmpeg -i mkanda.avi -vf "bwdif=mode=send_field:parity=tff,crop=704:576,scale=768:576,setsar=1" -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 192k mkanda.mp4

Amri hii hutoa picha 50 kamili kwa sekunde, hivyo mwendo unabaki mwororo kama ulivyokuwa kwenye televisheni, na umbo linakuwa 4:3 halisi. Mwendo ukionekana unarudi nyuma na kwenda mbele, badilisha tff (nusu-picha ya mistari ya juu kwanza) kuwa bff (ya chini kwanza). Faili za DV karibu zote ni bff. Mwenye subira na kompyuta yenye nguvu atumie QTGMC, kichujio cha kuunganisha mistari kinachofanya kazi ndani ya programu ya AviSynth, ambayo hutoa matokeo mazuri kuliko hayo. Kamwe usibadilishe ukubwa wa picha kabla ya kuunganisha mistari.

SWALI: Baadhi ya kaseti zina unga mweupe pembeni mwa mkanda. Naweza kuzipitisha mara moja tu, haraka?

JIBU: Hata mara moja usizipitishe. Huo ni ukungu, na utabaki kwenye vichwa vya deki, kisha utahamia kwenye kila mkanda mzima utakaofuata. Zitenge kwenye mfuko uliofungwa, zikae mahali pakavu, na zinaswe mwisho kabisa baada ya kusafishwa, kwa deki usiyoijali.

Ikiwa umeshazipitisha na picha imejaa chenga, chomoa umeme, fungua kifuniko, lowesha kipande cha ngozi laini kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99, kishikilie kwenye ngoma ya vichwa bila kukisogeza, na kwa mkono mwingine zungusha ngoma pole pole kutokea juu. Usisugue juu na chini, kwa sababu vichwa ni vijipande vya ferati vinavyovunjika kwa mguso huo. Usitumie pamba, nyuzi zake hunasa kwenye vichwa. Acha ikauke kwa nusu saa.

SWALI: Ndugu yangu aliyekuwa Marekani aliniletea kaseti za VHS. Deki yangu inazionyesha vizuri kwenye televisheni, lakini kompyuta inaonyesha picha isiyo na rangi. Kwa nini?

JIBU: Kaseti hizo ni za NTSC, na deki nyingi za PAL huzicheza kwa mtindo wa kati uitwao PAL 60: mistari 525 na nusu-picha 60 kwa sekunde kama NTSC, lakini rangi ya PAL. Televisheni nyingi zinauelewa, kadi nyingi hazijichagulii. Tafuta PAL 60 kwenye orodha ya mifumo ya draiva, weka 720 kwa 480. Kama haumo, angalia kama deki yako ina swichi ya kutoa NTSC 4.43 au NTSC 3.58 na ulinganishe na kadi, ya 3.58 ndiyo NTSC halisi, na ndiyo ya kuchagua ikiwepo. Kwa kaseti nyingi, azima deki ya NTSC, na hakikisha kwanza kibao chake cha volti kinalingana na umeme wa nyumbani kwako.